Nimepotea katikati ya Koryo mara mbili mbele ya watahini: tatizo ni nini hasa?

#1 MwanaIpagala
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwanamke wa miaka 39, mkazi wa Ipagala hapa Dodoma, na ninafanya taekwondo kwa mwaka wa saba sasa. Mkanda mweusi wa dani ya kwanza niliupata miaka mitatu iliyopita. Kwa kanuni za Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo duniani ambako vyeti vyetu hutoka, anayeomba dani ya pili hutakiwa kukaa na dani ya kwanza angalau mwaka mmoja, kwa hiyo upande wa muda sina deni. Shida yangu ni pumse ya Koryo, yaani mfululizo wa miondoko unaofanywa kwa kukariri. Ukumbini kwetu naifanya mara sita mfululizo bila kukosea, hata siku ambazo nimetoka kazini nimechoka. Nimesafiri kwenda Dar es Salaam mara mbili kwa ajili ya mtihani, na mara zote mbili nimepotea mahali palepale: namaliza lile pigo la tatu la kiganja kinacholenga koo, napiga ukelele, napiga teke la mbele, nafanya tendo la kuvunja goti, kisha nikigeuka kuwapa watahini mgongo kichwa kinakuwa kitupu. Mara ya kwanza nilisimama kimya. Mara ya pili nikaingiza vipande vya mwisho wa pumse mahali pa katikati, na nilijua nakosea huku mikono ikiendelea. Mapigano nilifaulu, mbao nilivunja. Mtihani unaofuata uko baada ya wiki tisa. Mwalimu wangu ananiambia niongeze mazoezi, nami nimeongeza hadi magoti yameanza kuuma. Naomba maoni ya waliopita njia hii.

#2 Mzee wa Kondoa
Pole sana, binti yangu. Mimi nimecheza karate zamani, na ninachokiona hapa ni hofu tu. Sanaa hizi za Wakorea zina umri wa miaka elfu mbili, na msingi wake ni utulivu wa roho. Mtu asiyetulia ndani mwili humkimbia. Kabla ya mtihani wangu wa mkanda wa kahawia nilikuwa nikiamka alfajiri, nakaa kimya robo saa, napumua polepole, ndipo nafanya kata, yaani pumse ya karate. Jaribu hivyo kwa wiki zote tisa, usiruke hata siku moja.

#3 Kisima cha Chimwaga
Shikamoo mzee. Naomba kurekebisha jambo moja kwa heshima. Jina taekwondo lilianza kutumika mwaka 1955, na waanzilishi kadhaa wa shule za Korea baada ya vita walikuwa wamejifunza karate wakiwa Japani. Kukkiwon yenyewe ilifunguliwa Seoul mwaka 1972. Koryo imepewa jina la ufalme uliotawala kuanzia mwaka 918 hadi 1392, lakini umri wa ufalme huo si umri wa pumse.

Sasa nirudi kwa dada MwanaIpagala. Naomba utuambie: ukumbini kwenu huwa mnaanza mkitazama upande gani, nawe ukigeuka pale unapopotea, huwa unaona nini mbele yako?

#4 MwanaIpagala
Swali hili hakuna aliyewahi kuniuliza. Tunafanyia mazoezi kwenye darasa la shule ya msingi tunalolikodi jioni. Siku zote tunaanza tukitazama ubao, kwa sababu mwalimu husimama hapo. Nikigeuka naona dirisha lenye nondo, na nje kuna mwarobaini. Sasa ninapoandika nagundua kwamba lile tendo la kutawanya mikono miwili kifuani, ambalo ndilo linalonipotea, nalikumbuka pamoja na ule mwarobaini. Dar es Salaam nilipogeuka niliona wazazi wameketi kwenye viti na watoto wanapita na chupa za maji.

#5 Kisima cha Chimwaga
Basi nadhani tumeshafika. Mwaka 1975 watafiti wawili wa Uingereza, Godden na Baddeley, waliwapa wapiga mbizi orodha za maneno wayakariri, mara wakiwa nchi kavu na mara wakiwa chini ya maji. Waliyokariri chini ya maji waliyakumbuka vizuri zaidi wakiwa chini ya maji, na ya nchi kavu vivyo hivyo. Kumbukumbu hushikamana na mahali. Dada amejifunza Koryo pamoja na ubao, dirisha na mwarobaini, kisha anapelekwa kwenye ukumbi ambao vyote hivyo havipo. Dawa yake ni kufanya pumse ukianzia kila upande wa chumba, na katika vyumba tofauti.

#6 Nukta ya Mwisho
Ndugu Kisima, utafiti huo ni maarufu, lakini tusiubebeshe mzigo usio wake. Ulihusu orodha za maneno, haukuhusu miondoko ya mwili, na uliporudiwa katika chapisho la mwaka 2021 matokeo yale hayakujitokeza tena. Sisemi kwamba mwarobaini hauhusiki. Ninachosema ni kwamba hatuna haki ya kuandika "tumeshafika" katika bandiko la tano. Ushauri wako wa kubadilisha pande naukubali, maana hauna gharama na hauna madhara.

#7 Nesi wa Makole
Habari zenu. Mimi naangalia mwili kwanza. Dada, siku ya mtihani ulikula nini na saa ngapi, ulikunywa maji kiasi gani, na ulisafiri lini? Mtu wa Dodoma amezoea hewa kavu, jasho lake hukauka upesi hata halioni. Akishuka Dar es Salaam anakutana na unyevu, jasho linabaki juu ya ngozi, halikauki, na mwili haupoi inavyotakiwa. Ukiongeza doboku nzito, ile sare ya taekwondo, foleni ya kusubiri kuitwa na tumbo tupu, akili hupungua kasi kabla ya misuli. Nimewaona wanamichezo wakiletwa kwetu wakiwa hawajui hata siku ya leo, na baada ya maji, chumvi na kivuli wakaanza kuzungumza vizuri.

#8 Bandari Salama
Nawasalimu nikiwa Dar es Salaam. Ndugu zangu wa Dodoma mna tabia ya kulaumu unyevu wetu huku mkipumua vumbi jekundu kuanzia Juni hadi mvua za Desemba. Tukiwa wakweli, mtu anayetoka Dodoma, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa takribani mita 1,100, akishuka pwani anapata hewa nzito zaidi, kwa hiyo pumzi inapaswa kumtosha kuliko alivyozoea. Mimi nikija kufanya mazoezi na rafiki zangu wa Area C ndiye ninayehema.

#9 Nesi wa Makole
Kaka Bandari, sikuzungumzia pumzi, nilizungumzia joto, na hayo ni mambo mawili. Hewa inaweza kukutosha kabisa na bado mwili ukashindwa kupoa. Tena mita 1,100 si urefu wa kumhemesha mtu mwenye mazoezi, kwa hiyo kuhema kwako Area C tukutafutie sababu nyingine.

#10 MwanaIpagala
Asante, nesi. Mara ya kwanza nilikwenda kwa basi, nikafika usiku, nikalala vibaya, na asubuhi nilikunywa chai na andazi moja. Mara ya pili nilijifunza: nikapanda treni ya SGR siku moja kabla, nikala wali na maharage, nikalala saa tatu, nikanywa maji ya kutosha. Nilipotea vilevile, mahali palepale. Ndiyo maana nashindwa kuamini kwamba ni maji au usingizi peke yake.

#11 Seremala wa Chang'ombe
Samahani kwa kuingilia. Mimi si mchezaji, lakini vijana wa taekwondo huja kwangu kununua vipande vya paini vya kuvunja, na nimesoma kwamba dada mbao alivunja. Nataka kusema neno kwa wanaojiandaa. Paini inayotoka Sao Hill ikikaa hapa Dodoma wiki kadhaa hukauka vizuri na hupasuka kwa pigo safi. Ikiwa na unyevu hupinda kidogo kabla ya kukatika na huumiza mkono. Chagueni kipande kisicho na fundo, na kisikatwe hivi kwamba nyuzi zinaelekea kwa washikaji, kwa sababu hapo mtapiga hadi kesho. Mbao hupasuka kufuata nyuzi, haipasuki kuzikata.

#12 Bandari Salama
Fundi, ungetufundisha haya mapema. Niliwahi kupiga kipande chenye fundo katikati, na kidole changu cha kati hakijarudi sawa mpaka leo. Asante sana.

#13 Mwana wa Singida
Mimi natoka upande wa pili wa familia, ule wa ITF, shirikisho la kimataifa la taekwondo alilolianzisha Jenerali Choi Hong Hi mwaka 1966. Sisi hatuna Koryo wala Taegeuk, zile pumse zenu nane za mikanda ya rangi; tuna ruwaza 24 zinazoitwa tul. Nadhani tatizo la dada ni kwamba anafanya miondoko bila kujua inasimulia nini. Kwetu kila ruwaza ina idadi ya miondoko yenye maana. Joong-Gun, kwa mfano, ina miondoko 38 kwa sababu ya umri wa Ahn Joong-Gun, mpigania uhuru wa Korea, aliponyongwa mwaka 1910. Ukishajua hadithi, mwili haupotei, kwa sababu kila tendo lina sababu ya kuwa pale lilipo.

#14 Dani Tatu Kikuyu
Ndugu wa Singida, karibu, lakini Joong-Gun ina miondoko 32. Yenye 38 ni Yul-Gok, na hiyo 38 inahusu mstari wa latitudo wa eneo alikozaliwa mwanazuoni aliyeipa ruwaza hiyo jina. Nakubaliana nawe kuhusu maana, ingawa kujua umri wa mtu aliyenyongwa hakukuelezi mkono wa kushoto uende wapi.

Sasa naomba niseme kwa kirefu, kwa sababu Koryo naifundisha. Dada MwanaIpagala, bandiko lako la kwanza lina kitu ambacho wote wamekipita. Umesema mara ya pili uliingiza vipande vya mwisho mahali pa katikati. Itazame Koryo yenyewe. Katikati kuna mfululizo wa kwenda mbele: unakinga chini kwa ukingo wa kiganja, unalenga koo, unapiga teke, unarudia, na mara ya tatu unapiga ukelele. Mwishoni, baada ya ule mkono unaozunguka polepole na ngumi kutua kwenye kiganja, kuna mfululizo mwingine wa kwenda mbele: ukingo wa kiganja unapiga shingo, ukingo wa kiganja unakinga chini, unarudia, kisha unalenga koo na kupiga ukelele. Pumse ina ukelele mara mbili, na mara zote mbili mkono uko kwenye koo. Ni kama njia panda mbili zenye duka lilelile pembeni. Ukifika kwenye ukelele wa kwanza ukiwa na haraka, mwili hauna alama ya kuuambia ni ukelele upi. Kwa maoni yangu hukusahau. Ulichukua njia ya pili ukiwa kwenye njia panda ya kwanza.

Halafu nina swali: ukumbini kwenu mnafanya pumse kwa kuhesabiwa? Kuna walimu wengi, nami nilikuwa mmoja wao, wanaohesabu "hana, dul, set" kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi anakuwa anafuata sauti. Siku ya mtihani anaambiwa "sijak", yaani anza, kisha kimya, na anatakiwa kuibeba pumse yote peke yake. Nilipoacha kuhesabu, wanafunzi wangu wanne kati ya sita walipotea katika wiki ya kwanza, na walikuwa wamevaa mikanda myeusi.

#15 MwanaIpagala
Mwalimu, nimesoma bandiko lako mara tatu. Ndiyo, tunahesabiwa. Si kila mara, lakini katika wiki za kuelekea mtihani tunahesabiwa karibu kila siku ili twende pamoja. Suala la njia panda mbili limenigusa sana, kwa sababu mara ya pili mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye pigo la shingo. Ila sielewi kwa nini mara ya kwanza nilisimama tu, bila mkono wowote kwenda popote.

#16 Kifaru wa Bahi
Je, mlikuwa mkifanya kwa makundi? Naomba nieleze kisa changu. Nilifanya mtihani wa dani ya pili tukiwa wanane kwa safu mbili, mimi nikiwa safu ya mbele. Tangu mwanzo wa Koryo nilikuwa nimewaona watahini na majirani zangu kwa pembe ya jicho. Nilipogeuka nyuma, kwa mara ya kwanza safu nzima ya pili ikawa mbele yangu, na mmoja wao alikuwa ametangulia tendo moja. Macho yakamfuata yeye, miguu ikabaki na mimi. Nilipita kwa bahati, kwa sababu mtahini aliyekuwa upande wangu alikuwa akiandika. Tangu siku hiyo nafanya mazoezi na mdogo wangu akisimama mbele yangu na kufanya pumse tofauti kwa makusudi, mimi nikifanya Koryo yeye akifanya Taegeuk ya nane. Ni mazoezi magumu kuliko kukimbia kilima cha Mlimwa.

#17 MwanaIpagala
Kaka, mara ya kwanza nilikuwa safu ya mbele, kama wewe. Mara ya pili nilikuwa safu ya nyuma, na nilipogeuka hapakuwa na mtahiniwa yeyote mbele yangu isipokuwa wale wazazi. Kwa hiyo maelezo yako yanafaa kwa safari ya kwanza, na ya mwalimu wa Kikuyu yanafaa kwa safari ya pili. Inawezekana mtu akapotea mahali pamoja kwa sababu mbili tofauti?

#18 Nukta ya Mwisho
Inawezekana, na kuna uwezekano wa tatu ambao haujatajwa. Safari ya kwanza ulipotea kwa sababu yoyote ile. Safari ya pili ulikuwa tayari unajua kwamba hapo ndipo ulipopotea, ukaanza kupasubiri. Mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake hafikirii mguu gani unatangulia, lakini akianza kufikiria katikati ya ngazi hujikwaa. Mafunzo ya miaka saba yamewekwa mahali ambapo fikra haifiki, nawe uliita fikra ije kuyasimamia. Nikichukulia hivyo, kuongeza mazoezi ya kipande hicho peke yake kunaweza kukizidishia uzito.

#19 Dani Tatu Kikuyu
Hapo ndugu yangu sikubaliani nawe. Kipande kibovu hutengenezwa kwa kukifanyia kazi. Nikimwambia mwanafunzi asikifikirie kipande kilichomshinda, siku ya mtihani atakikuta kibovu kama alivyokiacha. Ninachofanya mimi ni kumwanzishia pumse katikati: anza kwenye tendo la kuvunja goti, geuka, endelea hadi mwisho. Kesho anzia kwenye mkono unaozunguka. Mtu awe na milango mingi ya kuingilia. Na tusisahau, dada, kwamba watahini wanaweza pia kuchagua Taegeuk mojawapo kati ya zile nane. Wapo walioikamilisha Koryo kisha wakaangushwa na Taegeuk waliyoiacha tangu wakiwa na mkanda wa bluu.

#20 Mama wa Nzuguni
Mimi nina mtoto wa miaka 12 anayejiandaa kwa mkanda wa poom, ule wenye rangi nyekundu na nyeusi wanaopewa walio chini ya miaka 15. Nimefuatilia uzi huu wote na nina jambo la kusema kuhusu wazazi. Kwenye mtihani mmoja niliohudhuria tulikuwa tukizungumza, tukipiga picha na kuwaita watoto kwa majina wakiwa katikati ya pumse, nami nilikuwa mmoja wao. Dada amesema alipogeuka aliona wazazi. Sikuwahi kufikiria kwamba kiti changu kiko mbele ya macho ya mtu mzima aliyesafiri kilomita zaidi ya 400, akalipa ada na kujiandaa kwa miezi. Naomba radhi kwa niaba ya hao waliokuwapo.

#21 Mzee wa Kondoa
Mmeandika mengi na nimejifunza, pamoja na kurekebishwa kuhusu ile miaka elfu mbili. Bado nauliza: wazazi, safu ya pili, ukelele unaofanana, kuhesabiwa, mwarobaini, kwa nini vyote hivyo havikumsumbua kwenye mapigano, ambako mtu hukurushia mateke usoni? Kwenye mapigano hakuna cha kukariri, ni kweli. Lakini pia hakuna mtu anayekaa kimya akikutazama wewe peke yako. Mimi naiona hofu palepale nilipoiona mwanzo.

#22 MwanaIpagala
Mzee, shikamoo. Huenda ni kweli, ila hofu hiyo siioni hadi nigeuke, na ndilo linalonitatiza.

Naleta taarifa. Jumanne nilimwomba mwalimu asituhesabie na anibadilishie upande, nianze nikitazama dirisha. Nilifanya Koryo mara nne: mbili nikamaliza, moja nikasita, moja nikapotea. Jumamosi kaka Kifaru wa Bahi alikuja mjini na mdogo wake, tukafanyia uwanjani, wao wakafanya pumse tofauti mbele yangu. Nilimaliza mara tatu zote. Lakini katika ile ya tatu nilipotea mahali papya kabisa, kwenye teke mbili za pembeni za mwanzoni, ambapo sijawahi kukosea tangu nilipofundishwa. Nilijikusanya nikaendelea. Pale pa zamani nilipita bila kupaona.

#23 Nukta ya Mwisho
Hilo la kupotea mahali papya linaweza kuwa habari njema au mbaya, na kwa siku moja siwezi kukuambia ni ipi. Upepo ulikuwaje? Uwanja ni wa udongo?

#24 MwanaIpagala
Ni wa udongo na changarawe, na upepo ulikuwa mkali. Nilikuwa pekupeku.

#25 Kifaru wa Bahi
Nami nilimwona. Teke la kwanza la chini lilitua kwenye kokoto, akabadilisha uzito, ndipo la juu likachelewa. Mimi naona ni mguu, wala si kichwa.

#26 Dani Tatu Kikuyu
Au ni kichwa kilichohamia kwenye mguu kwa sababu ya kokoto. Dada, Alhamisi tuna ukumbi wa kanisa hapa Kikuyu, sakafu ni ya saruji laini, na nitawaketisha wazazi wa watoto wangu upande ule utakaogeukia. Njoo saa kumi na moja jioni. Sitakuhesabia, na sitakuambia unaanzia wapi mpaka utakapokuwa umesimama.

#27 MwanaIpagala
Nitakuja, mwalimu. Asante.

#28 Mama wa Nzuguni
Nami nitakuja kuketi. Nitanyamaza.